Zamu Ilikuwa Yangu

Nchi yetu ina jina zuri tu, lakini kulitaja nje ya sherehe za kitaifa kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa mpaka shughuli za uchaguzi ziishe. Kwa hiyo nitaiita nchi yetu, na ile ya ng'ambo ya mto tunayopigana nayo nitaiita nchi yao. Wanaohusika watajijua.

Mimi ni Mwantumu, mke wa kwanza wa Mfaume fundi seremala. Hilo la ukwanza nalisema mapema ili tuelewane. Mke wa pili yupo, anaitwa Salha. Tunakaa nyumba moja yenye milango miwili inayotazama njia, wangu wa kulia, wake wa kushoto, na baraza moja katikati ambayo tunaifagia kwa mafumbo. Salha ana tabia ya kurembua macho hata akimenya vitunguu. Watu mtaani husema wivu wangu umezidi. Mimi huwauliza, umezidi nini? Umemzidi Salha?

Lakini Mfaume, haki ya Mungu, alikuwa mwadilifu. Zamu yangu ikiisha, alichukua mswaki wake, akavaa kofia yake, akahamia mlango wa kushoto. Zamu ya Salha ikiisha, alirudi wa kulia. Mvua inyeshe, ugomvi uwe umefikishwa kwa wazee, yeye zamu haruki. Mara moja alishikwa na homa akiwa kwangu, na zamu ya mwenzangu ikaingia. Alijikokota barazani akitetemeka mwili mzima mpaka kwa Salha, nami nikabaki mlangoni na bakuli la uji, nimekasirika kiasi cha kutaka kumrushia.

Kofia yenyewe niliishona mimi kwa mkono, ya viua, miezi nikiinamia sindano mpaka shingo ikakataa kunyooka. Ndani, chini ya utepe, nilishona herufi ya jina langu kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Nilitaka hata akiwa kwake, kichwani awe kwangu.

Sasa vita. Wanachuoni wa serikali wameandika sababu nyingi za vita hivi, lakini mimi wivu naujua nikiuona. Kwenye mkutano wa marais, rais wao alipigiwa makofi marefu kuliko rais wetu. Basi. Wetu alirudi nyumbani hali chakula. Wiki hiyohiyo wataalamu wakagundua kwamba mto wa mpakani umekuwa ukipinda kuelekea kwao, tena kwa dharau. Bunge likakaa, likaulaani mto, likaliruhusu jeshi liende likaunyooshe.

Haikuruhusiwa kuitwa vita. Iliitwa Safari ya Kikazi. Na kwa kuwa mtu aliye safari ya kikazi anagharimiwa na serikali, hawezi kufa bila idhini. Asiyerudi alihesabiwa kuwa amechelewa. Ikaundwa Wizara ya Waliochelewa, yenye waziri, manaibu na bendi ya matarumbeta, na kila jioni redio ilisoma majina ya waliochelewa, kisha ikapiga taarabu ya kutuchangamsha.

Mafundi seremala walitakiwa wakajenge daraja la kupitia huko. Gari la jeshi lilimkuta Mfaume barazani asubuhi, ametoka mlango wa Salha na bado hajagusa wangu. Mswaki mkononi, kofia kichwani. Mimi nilikuwa nimeshafukiza udi, maandazi yako mezani.

"Nakuja, Mwantumu," aliniambia wakimsukuma garini. "Zamu yako iko palepale."

Mwaka ukapita. Siku moja redio ikasoma jina lake, kati ya mwalimu wa chuo na muuza kahawa. Amechelewa.

Nilikwenda kwa kadhi wetu, Sheikh Ngwali, yeye ndiye aliyetuozesha mimi na Salha. Nikamwambia sitaki makubwa, nataka neno moja. Kama Mfaume amekufa, aswaliwe, nami nikae eda kama mke wa mtu, nimlilie kwa haki. Kama yu hai, niendelee kufukiza udi. Hii ya kuchelewa siijui, haimo katika vitabu vyote alivyonisomesha marehemu baba yangu.

"Mama, bila habari ya kifo siwezi kumfanya mtu maiti," alisema Sheikh, akitazama dirishani kama kuna anayesikiliza. "Na bila kibali cha Wizara siwezi hata kuuliza."

Kisha ikaja Sheria ya Mke Rasmi. Wizara ilikuwa na beji moja tu kwa kila aliyechelewa, kwa hiyo Bunge likaamua kila aliyechelewa ana mke mmoja. Na huyo Mke Rasmi ndiye atakayempigia mumewe kura siku ya uchaguzi, kwa sababu aliyechelewa ana haki zote za raia, isipokuwa haki ya kuulizwa yuko wapi. Siku ya kuandikishwa mimi nilikuwa namwogesha mama yake Mfaume, ambaye hajiwezi. Salha aliwahi foleni. Alirudi na beji ya bati kifuani, inang'aa, imeandikwa MKE. Mimi, miaka yote hiyo, nikawa mpangaji wa mlango wa kulia.

Msinicheke. Usiku ule nilimtamani Mfaume arudi kwa sababu moja tu, aje amwambie afisa mwandikishaji mimi ni nani.

*

Mgombea wa chama alikuja mtaani kwetu siku ya Ijumaa, baada ya swala. Anaitwa Mheshimiwa Ng'arang'ara. Chama kilikuwa kimetoa mwongozo wa kuomba kura katika kata za Waislamu, na mheshimiwa aliufuata wote kwa mara moja. Kanzu ilikuwa mpya, bado ina mikunjo ya kwenye pakiti. Alikuwa na kikoi begani, tasbihi mkono mmoja, halua mkono wa pili, na kila alipokosa la kusema alitoa salamu. Nyuma yake kulikuwa na kipaza sauti, wapambe, na mtu wa kubeba kiti.

Nilikuwa nimejiandaa. Leso mpya, wanja, baraza nimeifagia yote hata upande usionihusu. Mheshimiwa alipanda baraza, akanitazama kifuani, hakuona beji, akanipita kama mlango wa choo cha jirani.

"Hodi kwa Mke Rasmi!" kipaza sauti kilinguruma.

Salha alitoka, akasimama kizingitini. Mimi niliingia ndani, nikafungua dirisha upenyo wa kutosha jicho moja.

"Asalamu aleikum, dada yetu, mke wa shujaa wetu," alisema mheshimiwa, akaketi juu ya kiti chake. "Nimekuja kwa unyenyekevu mkubwa kuomba kura yako, na ya mumeo, ambaye naamini huko aliko ananiunga mkono."

"Waaleikum salaam. Huko aliko ni wapi, mheshimiwa?"

"Kazini."

"Kazi gani mwaka wa pili huu?"

"Kunyoosha mto. Na unanyooka! Umeshanyooka kwa kiwango cha kuridhisha, isipokuwa ile sehemu inayopinda."

Wapambe walipiga makofi. Salha hakurembua. Nilishangaa, maana alikuwa amemkazia macho yule mwanamume, hayabanduki kichwani kwake. Nikasema moyoni, haya, mtazameni! Mume hajulikani alipo, yeye anamkodolea macho mgombea.

"Mheshimiwa, nikuulize," alisema Salha. "Wale wa ng'ambo ya mto wanaswali, ama hawaswali?"

"Asalamu aleikum," alisema mheshimiwa.

"Wanaswali. Mume wangu aliwahi kutuma salamu kwa dereva mmoja, mwanzoni. Akasema Ramadhani ile wao kambini hawakuwa na mwadhini, wakawa wanafuturu kwa adhana ya upande wa pili. Inasikika vizuri, mto si mpana. Wanafuturu wote pamoja, kisha wanaanza tena kupigana. Sasa mimi nikikupigia kura, nitakuwa nimepiga kura watu wa kibla kimoja waendelee kuuana kwa ajili ya kona ya mto. Nikiulizwa kesho mbele ya Mola wangu, nijibu nini?"

Niliposikia hapo nilishikwa na uchungu wa aina mbili. Wa kwanza kwa yale maneno, maana yalikuwa ya kweli. Wa pili, alituma salamu? Kwa dereva? Kwake, na mimi sikuambiwa?

Mheshimiwa alisimama ili ajibu kwa hadhi inayostahili. "Dada yangu! Serikali ya chama chetu haina udini. Sisi tunawapiga wote, wanaoswali na wasioswali, bila kubagua dini, kabila wala jinsia. Usawa huo nchi yao haina!"

Makofi. Aliinama kuyapokea, akainua mkono kuupungia mtaa, na kichwa chake kikageuka kuelekea dirisha langu.

Ilikuwa kofia yangu.

Kuna kiua kimoja, juu ya sikio la kushoto, ambacho uzi uliniishia nikakimalizia na uzi wa rangi ya maziwa. Wengine hawakioni. Mimi nakiona hata gizani. Kofia niliyomshonea mume wangu, aliyoondoka nayo, ilikuwa juu ya kichwa cha Mheshimiwa Ng'arang'ara, imembana, imepanda juu kidogo. Sasa ndipo nikajua Salha alikuwa anatazama nini.

Nilitoka bila leso.

"Kofia hiyo umeipata wapi?"

"Mama, wewe ni nani? Una beji?"

"Mimi ndiye niliyeishona! Umeipata wapi?"

Mheshimiwa aliigusa kofia, akatabasamu, kwa kuwa mwongozo ulimwambia akiona mwanamke anafoka atabasamu. "Kofia hii, mama yangu, ni heshima kwa mila zenu. Tumepewa kutoka stoo ya Wizara ya Waliochelewa, maalumu kwa kampeni katika kata za ndugu zetu Waislamu. Kila mgombea amechagua ya saizi yake. Ziko nyingi sana, mama, magunia na magunia."

Kipaza sauti kilikuwa wazi. Mtaa mzima ulisikia magunia na magunia. Mama muuza mihogo aliacha kuchochea moto. Wanawake wenye beji, waliokuwa wamejipanga kando ya njia wakisubiri halua, walitazamana, kisha wakaanza kuwatazama wapambe mmoja mmoja vichwani.

Mpambe mmoja alimnong'oneza mheshimiwa, naye akakohoa. "Yaani, nilitaka kusema, mashujaa wetu wenyewe wamezichangia. Kwa hiari. Huyu mumewe, bwana... bwana huyu, alinivalisha kwa mikono yake. Akaniambia, nenda ushinde."

"Alikuvalisha mwenyewe?" aliuliza Salha taratibu.

"Kwa mikono yake."

"Yeye abaki kichwa wazi? Aswali na nini?"

"Asalamu aleikum," alisema mheshimiwa. Akaivua kofia, akasema chama chake kinairudisha kwa familia kama ishara ya upendo, akampa Salha, akapigwa picha, akapanda gari. Kiti kilisahauliwa. Halua waliondoka nayo.

Nilinyoosha mkono. "Nipe."

"Nimepewa mimi, dada," alisema Salha, akaibana kifuani, juu ya ile beji. "Niache kwanza."

"Nimeishona mimi!"

"Na nani aliyekuwa akiifua na kuitia wanga? Wewe ulishona mara moja. Mimi nimeifua miaka."

Akaingia ndani akafunga mlango. Nilibaki barazani na kiti cha mheshimiwa. Wenye busara wangekuwa wanafikiria yale magunia. Mimi nilikuwa nafikiria dereva, na salamu, na kofia iliyolala mlango wa kushoto bila zamu. Hatukusemeshana mpaka siku ya uchaguzi. Barazani nilifagia takataka zote kuelekea kwake.

*

Siku ya uchaguzi nilimfuata mpaka kituoni, hatua chache nyuma, nikiwa na shahada yangu ya ndoa ndani ya mfuko. Nilikuwa nimekata shauri. Akitaja jina la Mfaume mbele ya makarani, nitapiga kelele mpaka uchaguzi uahirishwe. Kura ya mume wangu haitapigwa na mtu aliyewahi foleni.

Salha alifika mezani, akaonyesha beji. "Nimekuja kwa ajili ya Mfaume, fundi seremala."

Karani alipitisha kidole, akainua macho kwa furaha. "Hongera, mama. Huyu ameshapiga."

"Nani kampigia?"

"Mwenyewe. Waliochelewa wote wa kata hii wamerejea alfajiri kwa usafiri wa serikali, wakapiga kura kwa nidhamu kubwa, wakarudi kazini. Hata chai hawakunywa. Ni uzalendo wa hali ya juu."

Yaliyonitoka pale siwezi kuyaandika yote. Nilimvamia Salha, nikamkamata buibui shingoni. "Alikuja kwako! Alfajiri! Ndiyo maana mlango wako ulikuwa umefungwa! Alikuja kwako ukamficha!"

"Wallahi hakuja."

"Apa tena!"

"Wallahi, wabillahi, watallahi, hakuja kwangu." Hakujaribu hata kujinasua. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali. "Dada. Siku ile alipochukuliwa, zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu! Nani asiyejua? Ilikuwa yangu!"

"Basi alikuja kwako?"

Nilimwachia buibui.

Tulisimama pale, watu wakitupita na vidole vya wino. Sote wawili tulikuwa tunamwona yuleyule mtu, mwenye homa, anajikokota barazani kwa sababu zamu ni zamu. Serikali ilituambia amefika mjini kwetu, amesimama umbali wa kusikia jogoo wetu, akaweka karatasi ndani ya sanduku, akaondoka. Wao hawakumjua. Salha alimjua. Mimi nilimjua. Angekuwa na mguu mmoja angeruka nao mpaka mlango wa kulia.

"Amekufa, Salha," nilisema.

"Amekufa, dada," alisema. Akanishika mabega. Kwa wivu wangu wote, sikutaka mtu mwingine anishike.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Sheikh Ngwali. Alituuliza tuna ushahidi gani. Nikamwambia, serikali inasema alfajiri ya leo alikuwa hapa, na zamu ilikuwa yangu, na hakuja. Salha akasema, nami nashuhudia hakuja kwangu. Sheikh alimfahamu Mfaume tangu utotoni, na mara ngapi alikuwa amemtaja kwenye khutba za ndoa kuwafundisha waoaji. Safari hii hakutazama dirishani. Akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun."

Tulipotoka, ukumbi wake ulikuwa umejaa wanawake wenye beji, waliotufuata kutoka kituoni. Kila mmoja alikuwa na lake. Wa kwanza alisema mumewe asingepita mjini bila kwenda kumbusu mama yake mkono. Mwingine, mke wa muuza kahawa, alisema wake asingeondoka alfajiri bila kahawa hata dunia iwe inazama. Jioni ile waume hao waliswaliwa wote kwa pamoja, bila jeneza, na msikiti ulijaa mpaka njiani. Beji zilikusanywa kwenye ndoo ya kutilia udhu.

*

Mheshimiwa Ng'arang'ara alishinda kwa kura nyingi, hasa za waliochelewa, akateuliwa Naibu Waziri wa kuwashughulikia. Alikuja kutushukuru. Akakuta mtaa wote milango imefungwa na mapazia meupe yametundikwa.

"Hodi! Hodi kwa wake wa mashujaa! Mbona kimya?"

"Wenye eda hawatoki, mheshimiwa," nilisema nikiwa nyuma ya pazia.

"Eda ya nini? Mume wenu yu hai! Amenipigia kura, nina uthibitisho! Mkikaa eda mnatuhumu matokeo ya uchaguzi, na hilo ni kosa la jinai!"

Nilifungua mdomo nimtapikie yote, lakini Salha aliniwahi. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Kama yu hai, mheshimiwa, utatufikishia salamu. Mwambie aanzie mlango wa kulia. Zamu ni ya dada."

Baadaye tulisikia gari likiondoka. Mimi nililia siku ile kuliko siku zote, na sikujali nani kati yetu alilia zaidi.

Eda tunakaa pamoja, chumbani kwangu, hilo nililishikilia na yeye hakubisha. Kofia tumeiweka juu ya kabati, katikati. Juzi niliigeuza nikainua utepe, nikaikuta herufi yangu ya uzi mweupe. Pembeni yake, kwa uzi mweupe vilevile, kulikuwa na herufi ya Salha. Nilimtazama. Alikuwa amelala, au alijifanya.

Sikumwambia kitu. Ila kila asubuhi nikiamka naikuta kofia imesogea kidogo upande wake wa kabati, nami naisogeza nairudisha.